Shimo Jipya Kila Mara: Gemu za Ukoo wa Rogue na Simu za Ndabibi

Mjadala wa gemu za simu nchini Kenya umezoea kuanzia juu: studio kubwa itajengwa lini, nani ataleta mtaji, na ni lini Mkenya atatengeneza gemu ya kushindana na zile za Japani, China na Marekani. Ukianzia huko, mtu wa Ndabibi hana nafasi. Ndabibi iko upande wa magharibi wa Ziwa Naivasha, kwenye uwanda ulio chini ya vilima vya Eburru, nchi ya mifugo na mahindi, ambako kazi ya mshahara mara nyingi ni kibarua kwenye mashamba ya maua yaliyozunguka ziwa. Simu za wengi ni Android za bei ya chini, bando hununuliwa kwa siku au hata kwa saa, na anayejifunza kuandika programu hujifunza peke yake au na rafiki mmoja wawili. Hoja yangu ni kwamba hali hiyo, ambayo ni kizuizi kwa gemu za aina nyingi, inalingana kabisa na ukoo mmoja wa gemu: ukoo wa Rogue, ulioanza mwaka 1980 kwenye kompyuta za chuo zisizoonyesha picha hata moja. Gemu hizi zinafaa kuchezwa kwenye simu hizo, na zaidi ya hapo, zinafaa kutengenezwa na watu wanaoishi mahali kama hapo.

Rogue ilitungwa na Michael Toy na Glenn Wichman walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz. Baadaye Ken Arnold wa Berkeley alijiunga nao. Mchezaji alikuwa alama ya @. Kuta zilikuwa vistari, sakafu ilikuwa nukta, na kila dude la kutisha lilikuwa herufi moja ya alfabeti. Kwa kuwa watungaji wenyewe walitaka kucheza gemu yao bila kujua kilichomo, waliifanya kompyuta ichimbe shimo jipya kila mchezo unapoanza. Mengine mawili yalifuata: dunia ya gemu haisogei mpaka mchezaji asogee, na akifa amekufa, hana mahali pa kurudi isipokuwa mwanzo kabisa. Kutoka hapo walizaliwa NetHack mwaka 1987, Angband mwaka 1990 na mamia ya wengine. Mwaka 2008 watengenezaji waliokutana Berlin walijaribu kuandika masharti ya nani ni wa ukoo na nani si wa ukoo, na ubishi wa masharti hayo haujaisha hadi leo. Naupita. Kwa kazi yetu hapa yanatosha mambo hayo matatu: ramani isiyojirudia, mwendo wa zamu, na kifo kisichofutika.

Yaweke matatu hayo kando ya simu. Mwaka 2020 Safaricom ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alichukua simu ya Android na kuilipia kuanzia shilingi 20 kwa siku. Mwaka 2023 kiwanda cha kuunganisha simu cha Athi River kilianza kutoa Neon Smarta kwa shilingi 7,499. Simu za daraja hilo zina kumbukumbu ndogo na nafasi finyu ya kuhifadhi, na nafasi yenyewe inagombewa na picha za harusi, sauti za WhatsApp na video za mahubiri. Gemu ya vita yenye uzito wa gigabaiti kadhaa haiingii humo. Ikiingia, hutafuna bando kila inaposasishwa, na inadai mtandao usiotetereka ili mchezaji asipigwe risasi huku picha imeganda. Shattered Pixel Dungeon, mojawapo ya gemu bora za ukoo wa Rogue kwenye simu, ina uzito wa makumi ya megabaiti, na ukishaipakua haihitaji mtandao tena. NetHack ni nyepesi zaidi. Lakini uzito ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni zamu. Aliyeko kwenye mapumziko ya shamba la maua, au anayesubiri abiria stejini, hana hakika ya dakika kumi zake. Msimamizi akiita, simu inarudi mfukoni. Gemu ya mbio inamwadhibu mtu kwa kukatizwa. Gemu ya zamu inamngoja, hata kama simu imeishiwa chaji na stima itarudi kesho yake. Kifo cha kudumu nacho, kinachoonekana kama ukatili, kinafanya kila mchezo uwe kitu kizima chenye mwanzo na mwisho, kinachoweza kugawanywa vipande kwa siku nzima bila kupotea.

Pingamizi la kwanza, na kwa muda mrefu lilikuwa na haki, ni kwamba gemu hizi zilitungwa kwa kibodi. NetHack ina amri moja ya kula, nyingine ya kunywa, nyingine ya kusoma, nyingine ya kupiga teke mlango, na herufi kubwa zina kazi tofauti na herufi ndogo. Kwenye kioo cha inchi tano na nusu, kwa kidole gumba, huo ni utumwa. Aliyelijibu pingamizi hili kwa vitendo ni Oleg Dolya, Mrusi anayejulikana kwa jina la Watabou, aliyetoa Pixel Dungeon kwa Android mwishoni mwa 2012. Alitambua kwamba mara nyingi mahali unapogusa pameshasema unachotaka. Ukigusa sakafu, unatembea. Ukigusa adui, unapiga. Ukigusa mlango, unafungua. Ukigusa kitu kilicho chini, unakiokota. Kidole kimoja kikachukua kazi ya nusu ya kibodi, na kina cha mchezo hakikupungua. Tazama mlango katika Shattered Pixel Dungeon, toleo lililokuzwa kutoka gemu hiyo. Panya mkubwa anakufukuza, nawe una uhai mdogo. Unapita mlangoni, unasogea hatua moja pembeni ili asikuone, unamngoja. Anapotokeza, pigo lako la kushtukiza halikosi. Hakuna maandishi yanayokulazimisha kufanya hivyo na hakuna kitufe cha kuvizia. Kuna mlango, zamu, na kanuni kwamba asiyekuona hawezi kukukwepa. Mchezaji akiligundua hilo, kila mlango wa shimo lote unabadilika maana, na hakuna alichonunua ili kufika hapo.

Pingamizi la pili linahusu kifo chenyewe. Watasema: watu wa kawaida hawataki kupoteza kazi ya saa mbili kwa kosa moja, na ndiyo maana kampuni kubwa zimelegeza kanuni, mchezaji akifa abaki na dhahabu, silaha au nguvu za kumsaidia safari ijayo. Naelewa kwa nini wamefanya hivyo, na zipo gemu nzuri zilizotokana na ulegezaji huo. Hata hivyo, kinachopotea mtu anapokufa katika gemu hizi si kila kitu. Katika Pixel Dungeon dawa zina rangi, na rangi hizo hugawanywa upya kila mchezo: nyekundu iliyokuponya jana leo huenda ikakuwasha moto. Kukariri rangi hakusaidii. Kinachosaidia ni mwenendo: kuonja dawa usizozijua ukiwa na uhai kamili na karibu na maji, si ukiwa umezingirwa, kukisia kwamba ile uliyokwisha okota mara nyingi ni ya aina inayopatikana kwa wingi, kutunza chakula. Mwenendo huo haufi na mhusika. Unabaki kwa mchezaji, na kwa kuwa haukuhifadhiwa kwenye simu, hata simu ikiibwa anao. Gemu inayompa mchezaji nguvu bandia baada ya kila kifo inamwondolea sababu ya kujifunza, kwa sababu akifa mara za kutosha atashinda tu.

Hapa ndipo penye jambo zito zaidi, na ningependa msomaji alikawilie: bahati. Kijana wa Naivasha au Nakuru anayechezea bahati kwenye simu yake, mara nyingi hachezi Pixel Dungeon. Anabeti. Kamari za simu zimeenea Kenya kiasi kwamba mwaka 2019 serikali ilikataa kuongeza muda wa leseni za SportPesa na Betin, na Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Mzazi au mwalimu anayesikia kwamba kuna gemu ambamo kila kitu hupangwa kwa nasibu, na mtu hupoteza yote kwa mara moja kisha anaanza tena usiku huohuo, ana haki ya kuuliza kama tunamtoa kijana kwenye moto na kumtia kwenye makaa. Swali hili halipaswi kupuuzwa kwa kusema kwamba pesa hazimo. Yapo mazoea yanayojengwa kwanza bila pesa.

Jibu linategemea mahali bahati inapokaa ikilinganishwa na uamuzi. Katika Aviator, mchezo wa ndege unaochezwa sana Kenya, mchezaji anaweka pesa, ndege inapaa, na kazi yake ni kubonyeza kabla haijatoweka. Mahali itakapotowekea hapajulikani kwa dalili yoyote. Mizunguko mia aliyoitazama haimwambii chochote kuhusu wa mia na moja, na sehemu ya mwenye mchezo imekwisha pangwa ndani ya hesabu. Uamuzi upo, lakini ni uamuzi usio na cha kufikiria. Bahati inakuja baada yake na kuufuta. Katika gemu nzuri ya ukoo wa Rogue, sehemu kubwa ya bahati huja kabla ya uamuzi: shimo limechimbwa hivi, umepewa upinde badala ya shoka, chakula ni kichache, adui yuko pale na unamwona. Baada ya hapo dunia inakungoja ufikiri. Bahati ya baadaye ipo pia, kwa maana pigo linaweza kukosa, ila mchezaji anaweza kuipunguza kwa mlango, kwa umbali, kwa kuondoka. Ushahidi kwamba ustadi ndio unaotawala ni kwamba wachezaji hodari wa NetHack, gemu inayowaua wanaoanza ndani ya dakika chache, hufika mwisho wake mara nyingi mfululizo kwenye seva za wazi ambako kila mtu anawaona. Hakuna mtu duniani anayeishinda Aviator mfululizo kwa ustadi, kwa sababu haina ustadi wa kushikwa.

Ulaya nako walipitia mkanganyiko huu hivi karibuni. Balatro, gemu ya karata ya ukoo huu iliyotengenezwa na Mkanada mmoja anayejiita LocalThunk, ilitoka Februari 2024, ikafika kwenye simu Septemba mwaka huohuo, na kufikia Januari 2025 ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 5. Kwa kuwa inatumia mikono ya karata za poka, chombo cha Ulaya cha kupanga umri wa wachezaji, PEGI, kiliiwekea kiwango cha miaka 18. Mtengenezaji alilalamika kwamba gemu yake haina kuweka dau hata senti, ilhali gemu za mpira zinazouza pakiti za kubahatisha kwa pesa halisi zinaruhusiwa kwa watoto. Februari 2025 rufaa ilikubaliwa na kiwango kikashuka hadi miaka 12. Nadhani walioamua rufaa walikuwa sahihi, na kosa la awali ni lile ambalo wengi wetu tungelifanya: kutazama picha za karata na kusahau kutazama kanuni.

Hata hivyo, utetezi huu una mipaka, na anayeutumia bila mipaka anadanganya. Zipo gemu za simu zilizochukua shimo lisilojirudia na kifo cha ghafla kutoka ukoo huu, kisha zikavizungushia duka. Archero ya kampuni ya Habby, iliyotoka 2019, ni mfano unaojulikana: kuna nishati inayoisha na kurudi polepole, masanduku ya kubahatisha vifaa, na vifaa vyenyewe huamua utafika wapi. Katika gemu za namna hiyo, ugumu unapangwa ili kukuchosha mpaka ulipe, na kifo kinakuwa mahali pa kuuzia. Kipimo ninachopendekeza kwa mzazi, mwalimu na mtengenezaji ni rahisi kukagua: tazama kinachotokea kwenye kioo mara tu mhusika anapokufa. Kikitokea kitufe cha kulipia au kutazama tangazo ili ufufuke, hiyo ni nyumba ya jirani yake Aviator. Yakitokea maelezo ya ulikufaje na kitufe cha kuanza upya, umo kwenye gemu ya kujifunza.

Tugeukie utengenezaji. Kenya imekuwa na watu wenye ujasiri mkubwa katika gemu. Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya 3D wakati ambapo wachache Afrika Mashariki walikuwa wamethubutu, na baadaye akashiriki kuanzisha Leti Arts yenye miguu Ghana na Kenya. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na Black Division Games walitoa Nairobi X, gemu ya risasi inayochezwa kwenye mitaa ya Nairobi. Nawaheshimu, na sisemi walikosea. Ila 3D ina gharama isiyosameheka: kila mti, kila uso, kila ukuta lazima mtu auchonge kwa mkono, na mchezaji akishaupita haumsisimui tena. Mtu mmoja anaweza kuimaliza miaka yake mitatu akitengeneza saa mbili za mchezo. Kanuni ya ukoo wa Rogue inageuza hesabu hiyo. Mtengenezaji anaandika kanuni za kuchimba shimo, na kompyuta inachimba mashimo bila kikomo. Oleg Dolya alikuwa mtu mmoja. LocalThunk alikuwa mtu mmoja. Slay the Spire, iliyofungua tawi zima la gemu za karata za ukoo huu, ilianzishwa na watu wawili. Tangu 2005 kuna shindano la kila mwaka la kumaliza gemu ya ukoo wa Rogue kwa siku saba, na watu wanaimaliza.

Jinsi kanuni hizo zilivyo karibu na mkono wa mwanafunzi huonekana ukizijaribu kwenye karatasi. Chukua ukurasa wa daftari la hesabu lenye miraba. Tia kivuli miraba kama 45 kati ya kila 100, ovyo, bila mpango. Kisha chukua ukurasa wa pili na uupitie mraba kwa mraba: kwa kila mraba wa ukurasa wa kwanza, hesabu wenyewe pamoja na majirani wake wanane. Kati ya hiyo tisa, yenye kivuli ikiwa mitano au zaidi, chora ukuta; ikiwa pungufu, acha wazi. Rudia kutoka ukurasa wa pili kwenda wa tatu, na hivyo hivyo mara nne au tano. Madoa ya ovyo yanajikusanya yenyewe na kuwa mapango, yenye vyumba vipana, mikunjo na vichochoro. Kisha linakuja tatizo la kweli la programu: baadhi ya mapango hayana njia ya kufika kwa mengine. Unaanza kwenye mraba mmoja ulio wazi, unaweka alama kila mraba wazi unaougusa, kisha majirani wa hao, mpaka huna pa kwenda. Usiowekewa alama haufikiki, na ni juu yako kuufukia au kuuchimbia njia. Mwanafunzi aliyefanya hivyo kwa penseli amekwisha elewa kitanzi, safu na utafutaji, na anachobakiza ni kuviandika. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu wa kampuni ya Kodris Africa kwa shule za msingi na sekondari, unaofundisha lugha ya Python. Zoezi la pango linaingia katika mtaala wa namna hiyo bila kusukumwa, na shule isiyo na kompyuta za kutosha inaweza kufanya nusu yake bila stima.

Watasema simu si mahali pa kutengenezea gemu. Kwa gemu nyingi ni kweli. Kwa hizi ni kweli nusu. Python inaandikika kwenye simu kwa programu za bure, na Godot, chombo cha bure cha kutengenezea gemu, kina toleo linalofanya kazi kwenye Android yenyewe, ingawa kwenye simu ndogo litakwenda kwa kusuasua. Kompyuta kuukuu ni bora, na sitamdanganya mtu kwamba kidole gumba kinatosha kwa mistari elfu kumi. Ila njia ya kuanzia ipo, na ina jambo jingine la kuirahisisha: misimbo iliyo wazi. Mwaka 2014 Dolya aliuweka msimbo wote wa Pixel Dungeon wazi kwa leseni inayomruhusu yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuutoa upya, mradi naye auache wazi. Evan Debenham wa Kanada aliuchukua mwaka huohuo akitaka kurekebisha mambo machache tu. Marekebisho hayo ndiyo yaliyokua na kuwa Shattered Pixel Dungeon, ambayo baadaye ikawa kazi yake ya kudumu. Tafsiri za gemu hiyo hufanywa na wachezaji wenyewe kwa kujitolea. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton au cha Kabarak anayetaka kujua gemu halisi imejengwaje ana jengo zima mlango wazi, na hahitaji barua ya kumruhusu.

Lakini je, si tutakuwa tunachimba mashimo ya Wazungu, yenye mifereji ya maji machafu, magereza na mbilikimo wachimba madini? Hili ndilo pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, na jibu lake limezagaa kwenye ardhi ya Nakuru. Katika Hyrax Hill, pembeni mwa jiji la Nakuru, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka 1937 na 1938, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Wakikuyu wana giuthi, Wamaasai wana enkeshui, Wajaluo wana ajua. Mchezo wa zamu, wa kufikiri kabla ya kusogeza, wa kuhesabu mashimo, haukuletwa na simu. Zaidi ya hayo, mwamba wa kioo cheusi wa Eburru, obsidiani, ulisafirishwa mbali na wafugaji wa kale waliouchonga kuwa visu. Eburru hiyo hiyo inaitazama Ndabibi kila asubuhi. Mlimani humo mvuke unatoka ardhini, na wakaazi, kwa uhaba wa mito, huupooza katika mabomba hadi udondoke maji ya matumizi. Mtengenezaji hahitaji kubuni ajabu zaidi ya hiyo. Badala ya njaa ya Rogue, weka kiu, na maji yapatikane tu kwa kusubiri zamu kadhaa kwenye tundu la mvuke huku adui akikusogelea. Badala ya upanga wa chuma, weka kisu cha obsidiani chenye makali kupita chuma na kinachovunjika upesi. Korongo la Ol Njorowa katika Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate linaweza kuwa ramani ambayo maji hushuka bila ilani, na ni sharti kanuni hiyo iandikwe kwa heshima, kwa sababu mafuriko ya ghafla ya Septemba 2019 yaliua watu ndani ya korongo hilo. Waigizaji wa filamu ya Lara Croft ya 2003 walipelekwa Hell's Gate kupigiwa picha, na Lara Croft mwenyewe alizaliwa kwenye gemu ya Uingereza ya mwaka 1996. Wengine wamekwisha ona thamani ya bonde hili kwa burudani zao. Ninachosisitiza ni kwamba kulichora bonde juu ya kanuni za watu wengine hakutoshi. Ngao ya Kimaasai iliyopakwa juu ya shimo la California inabaki shimo la California. Mahali panapaswa kuingia kwenye kanuni zenyewe.

Kuhusu pesa nitasema kifupi, kwa kuwa ahadi za pesa ndizo zilizowavunja moyo wengi. Soko la kulipia gemu nchini ni dogo, hata kama M-Pesa hukubaliwa kwenye Google Play. Kujisajili huko ni dola 25 mara moja tu. Kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, na kwa anayeanza Ndabibi sioni sababu ya kugusa Apple. Google hukata asilimia 15 kwenye dola milioni moja za kwanza za mwaka. Shattered Pixel Dungeon ni ya bure kwenye Android, wanaoipenda humchangia mwenyewe kwa hiari, na inauzwa kwenye iPhone na kompyuta. Njia hiyo humlipa mtu baada ya miaka ya kuiboresha gemu moja, ikimlipa. Anayetaka mshahara wa mwezi ujao asiufuate huku. Anayetaka ufundi, na jina kwa wachezaji walioenea duniani wanaopenda gemu za aina hii, atatumia gharama ndogo kuliko katika aina nyingine yoyote ya gemu ninayoijua.

Kikwazo kimoja cha karibu kinahitaji watu kuliko pesa. Tangu Novemba 2023, Google haimruhusu mtu binafsi aliyefungua akaunti mpya kuitoa gemu yake kwa umma mpaka ijaribiwe na watu kadhaa kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20, na Desemba 2024 wakapunguzwa hadi 12. Kwa wengi walio peke yao kwenye vyumba vya mjini, sharti hili limekuwa gumu, na wapo wanaolipa wageni wa mtandaoni wajifanye wajaribu. Ndabibi watu 12 wenye simu za Android wanapatikana kwenye steji moja ya bodaboda, nao watamwambia mwenye gemu kwa Kiswahili, bila kumwonea haya, ni mlango upi hauvutii na ni kifo kipi hakikuwa cha haki. Mwenye pango lake kwenye daftari na aanze nao.